Fidia ya Damu: Je, Lipo Deni Pasipo Mkosaji?



Katika mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke neno fidia si geni. Barabara inapopanuliwa, au eneo linapotwaliwa kwa shughuli ya umma, wathamini hufika na madaftari yao. Hupima nyumba, huhesabu minazi na miembe, huandika hata choo cha uwani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mwenye mali alipwe fidia kamili, ya haki, tena bila kukawizwa. Mara nyingine malipo hukawia, na manung'uniko yake twayajua sote. Lakini msingi wenyewe haubishaniwi: mtu akipoteza mnazi wake kwa manufaa ya wote, wote wanawiwa naye. Wala hakuna asemaye kwamba, ili alipwe, lazima kwanza aonyeshe kuwa mhandisi wa barabara alikuwa mtu mbaya.

Sasa tuulize swali lililo gumu zaidi. Mtu alikwenda hospitali akiwa mahututi, akatiwa damu ili apone, na damu ile ikamwachia virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Je, naye ana haki ya fidia? Na kama daktari hakukosa, wala muuguzi hakukosa, ni nani amlipe, na kwa sababu gani?

Swali hili limeisumbua Uingereza kwa miaka 40 hivi. Tangu miaka ya 1970 hadi mwaka 1991, watu zaidi ya 30,000 katika nchi ile waliambukizwa virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini aina ya C. Wengine walitiwa damu baada ya uzazi au upasuaji. Wengine walikuwa na ugonjwa wa damu kutoganda, nao walipewa dawa iliyotengenezwa kwa kuchanganya damu ya maelfu ya watu. Sehemu ya dawa hiyo iliagizwa kutoka Marekani, ambako damu ilinunuliwa hata kwa wafungwa. Watu wapatao 3,000 wamekwisha kufa.

Serikali ya huko ilipoanza kuwasaidia wenye virusi vya UKIMWI mwaka 1988, ilitoa fedha kwa njia ya mfuko wa hisani ulioitwa Macfarlane Trust, ikisema kwamba huo ni msaada wa huruma na wala si fidia. Mwaka 1991 waliotaka malipo zaidi walitakiwa kutia sahihi kwamba hawatashtaki tena, hata kwa ajili ya homa ya ini. Ilipofika tarehe 20 Mei 2024, Jaji Brian Langstaff, aliyeongoza uchunguzi, alitoa taarifa yake. Alisema maafa yale hayakuwa bahati mbaya, sehemu kubwa ingeweza kuepukwa, na ukweli ulifichwa. Siku ile ile Waziri Mkuu Rishi Sunak aliomba radhi Bungeni, na mwezi Oktoba mwaka ule zikatengwa paundi bilioni 11.8 kwa ajili ya fidia. Wengi waliodai tangu mwanzo hawakuwapo tena kuzipokea.

Tukiitazama habari hiyo kwa makini tunaona jambo moja. Kule, fidia kamili ilingoja mpaka mkosaji aonekane. Ndiyo maana wagonjwa walitumia nguvu zao za mwisho kutafuta barua na majalada, badala ya kutunza afya zao na watoto wao. Je, nasi tuingoje njia hiyo? Tunadhani hapana, na tutaeleza kwa nini.

Hapa kwetu hali ilikuwa nyingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kipimo cha kwanza cha kuchunguza damu kiliidhinishwa huko Marekani mwaka 1985. Kabla ya hapo hapakuwa na hospitali yoyote duniani iliyoweza kuipima damu kwa ajili ya ugonjwa huo. Nasi hatukuwa na viwanda vya dawa za damu. Aghalabu damu yetu ilitoka kwa ndugu wa mgonjwa. Mtoto aliishiwa damu kwa malaria, au mama alitokwa damu nyingi katika uzazi, na mjomba au jirani akalala kando akatoa. Watafiti waliowachunguza watoto katika hospitali ya Mama Yemo, mjini Kinshasa, walieleza mwaka 1988 jinsi malaria, upungufu wa damu na kutiwa damu vilivyofungamana na maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Hali kama hiyo ya malaria na upungufu wa damu ilikuwapo katika sehemu nyingi za Afrika, na wodi zetu zilijaa watoto wa namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehimiza tangu mwaka 1975 kwamba damu itolewe kwa hiari na pasipo malipo. Kwetu Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004. Kabla ya hapo kila hospitali ilijitafutia damu yake. Leo damu inayokusanywa na mpango huo hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende. Haya ni maendeleo makubwa, na wanaostahili shukrani tuwashukuru.

Kama ilivyo desturi ya darasani, tuwagawe wagonjwa tunaowazungumzia katika mafungu matatu, ili tuone vizuri.

Fungu la kwanza ni wale walioambukizwa kabla kipimo hakijapatikana popote. Hapa hakuna wa kulaumiwa. Mjomba alitoa damu kwa upendo, daktari alikuwa na dakika chache tu, na Serikali haikuweza kukinga kitu ambacho ulimwengu mzima ulikuwa haujakijua.

Fungu la pili ni wale walioambukizwa wakati kipimo kipo duniani, ila hakikuwa kimefika katika hospitali yao, au kilifika kikaisha, au kilikuwapo kabatini kisitumike. Hapa huenda lipo kosa, kubwa au dogo. Yawezekana ni la mtu mmoja aliyepuuza kazi yake, na yawezekana ni la bajeti.

Fungu la tatu ni wale wanaoweza kuambukizwa hata leo, damu ikiwa imepimwa kwa uaminifu. Mtu akiambukizwa, hupita siku kadha wa kadha, hata wiki, kabla kipimo hakijaweza kuonyesha. Akitoa damu katika siku hizo, kipimo kitasema ni safi. Hili ni jambo la nadra, lakini halijaondoka duniani, na hapa pia hakuna wa kulaumiwa.

Sasa, kwetu anayedai fidia ya madhara ya namna hii hana mlango mwingine ila mahakama. Na mahakama, kwa haki kabisa, itamwuliza: Ni nani aliyekukosea? Mtu wa fungu la kwanza hana jibu. Mtu wa fungu la tatu hana jibu. Mtu wa fungu la pili huenda analo, lakini ni lazima alithibitishe, pengine kwa daftari la wodi ambalo halipo tena. Tena sheria ya ukomo wa madai ya mwaka 1971 kwa kawaida inatoa miaka 3 kwa madai ya namna hii, na virusi vya UKIMWI huweza kukaa mwilini miaka 8 au 10 pasipo kumwonyesha mtu dalili. Ugonjwa huu unakwenda polepole kuliko saa ya sheria.

Tazameni basi matokeo yake. Wamama watatu waliozaa katika miaka tofauti wametiwa damu, wameambukizwa, na wameumia sawasawa. Mmoja huenda akasikilizwa na wawili wakarudi nyumbani mikono mitupu, si kwa sababu waliumia kidogo, bali kwa sababu aliyewaumiza hana jina. Jambo hili halipatani na akili yetu ya haki. Linatuonyesha kwamba tumeuliza swali lisilo lake. Kuuliza "Nani alikosa?" ni swali la adhabu, na swali la adhabu lina mahali pake. Swali la fidia ni jingine: "Hasara hii aliibeba kwa ajili ya nani?"

Jibu letu ni kwamba aliibeba kwa ajili yetu sote. Utaratibu wa kutia damu ni mali ya jamii nzima. Kila nyumba katika mtaa wetu inaweza kuuhitaji kesho. Tunaukubali tukijua kwamba hauna usalama wa asilimia mia moja, kwa maana tukiukataa, mama wanaotokwa damu watakufa katika saa chache. Tunapoukubali, tunakubali pia kwamba mahali fulani, siku fulani, mtu mmoja ataumia ili maelfu wapone. Hatujui ni nani. Akijulikana, hatuwezi kumwambia kwamba hayo ni yake peke yake. Yeye ameulipa mnazi wake ili barabara yetu ipite.

Wala si wazo geni katika sheria zetu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, humlipa mfanyakazi aliyeumia kazini pasipo kumtaka athibitishe kwamba mwajiri alikosa. Yatosha kwamba aliumia katika kazi. Muuguzi akiumia wodini akiwa kazini, sheria hiyo inamkumbuka. Mgonjwa aliyelala mbele ya muuguzi huyo, katika wodi ile ile, haimkumbuki, kwa kuwa yeye si mwajiriwa wa mtu.

Mfano mwingine ni wa wanyamapori. Tembo akila mahindi ya mkulima, au simba akiua mtu, kanuni zilizotolewa mwaka 2011 zinaruhusu Serikali kutoa kifuta jasho kwa ajili ya mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa jamaa za marehemu. Viongozi husisitiza kwamba hii si fidia. Maneno haya yana uzito, nasi hatuna budi kuyapima. Anayetoa kifuta machozi anasema, "Tunakuhurumia." Anayelipa fidia anasema, "Tunawiwa nawe." Tembo hakupelekwa shambani na mtu. Lakini ile chupa ya damu ilitundikwa juu ya kitanda na mikono yetu wenyewe, katika nyumba tuliyoijenga, kwa utaratibu tuliouchagua. Kwa hiyo huruma peke yake haitoshi. Neno lipasalo ni fidia, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, imo habari inayotufaa. Mtu akikutwa ameuawa uwandani na muuaji hajulikani, wazee hawakuruhusiwa kusema kwamba jambo hilo haliwahusu. Ilipasa umbali upimwe kutoka maiti hadi miji ya jirani, na wazee wa mji ulio karibu zaidi walitoa mtamba wa ng'ombe, wakanawa mikono, wakakiri kwamba si wao waliomwaga damu ile. Tuangalie vizuri mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Walikana kosa, na hata hivyo walibeba wajibu. Sisi tumezoea kufikiri kwamba anayelipa amekiri kosa, na asiye na kosa halipi. Wazee wale walijua zaidi.

Zipo hoja za kupinga, nasi si vema tuzipite kimya.

Hoja ya kwanza ni umaskini. Wapo watakaosema: Shilingi inayokwenda katika fidia ni shilingi iliyoondolewa katika vipimo, na ni bora kumkinga mtu wa kesho kuliko kumlipa wa jana. Hoja hii ni nzito. Tunakubali kwamba kipimo kitangulie, wala hakuna mgonjwa wa kweli atakayetaka mwingine aambukizwe ili yeye alipwe. Lakini umaskini hupunguza kiasi cha malipo, haufuti deni. Mkulima anayewiwa magunia kumi akivuna mawili, hulipa nusu gunia na kuomba muda. Hasemi kwamba hakukopa.

Hoja ya pili ni ya methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ni nzuri panapokuwa na ugomvi uliokwisha. Lakini ndwele maana yake ni ugonjwa, na hapa yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, imo mwilini mwa mtu hata asubuhi ya leo. Huwezi kuganga yajayo ya mtu huyo pasipo kugusa yaliyopita.

Hoja ya tatu ni kwamba mazungumzo haya yatawatisha watu wakatae damu, au yatawatisha madaktari wafiche kumbukumbu. Sisi tunaona kinyume chake. Anayejua kwamba akiumia hataachwa ana sababu zaidi ya kuamini. Na daktari anayejua kwamba mgonjwa atalipwa pasipo yeye kupelekwa kizimbani hana sababu ya kupoteza daftari. Kutafuta mkosaji ndiko kunakofundisha watu kuficha. Hata hivyo tuseme waziwazi, asije mtu akatuelewa vibaya: daktari akisema mgonjwa wako anahitaji damu, usikatae. Hatari ya kukosa damu ni kubwa mno kuliko hatari ya damu iliyopimwa.

Hoja ya nne inatuhusu sisi watu wa kanisani kuliko nyingine zote. Tukiwalipa walioambukizwa kwa damu, je, hatutakuwa tumesema kwamba hao ndio wasio na hatia, na wenzao walioambukizwa kwa njia nyingine wamestahili? Hatari hii ipo, tena imekwisha kuonekana katika midomo ya watu. Tumesikia ikisemwa misibani, "Maskini, yeye alipata kwa damu," kana kwamba jirani yake hakustahili neno maskini. Yatupasa tuikatae fikira hiyo kabisa. Fidia si zawadi ya usafi wa maisha. Anayelipwa kwa mnazi wake halipwi kwa kuwa ni mtu mwema. Hulipwa kwa kuwa umma ulichukua mnazi wake. Dawa za kufubaza virusi zimekuwa zikitolewa bure nchini tangu mwaka 2004, wala mgonjwa hadaiwi kwanza aeleze aliupataje ugonjwa. Ndivyo inavyopasa kubaki. Matunzo ni ya wote kwa sababu wote ni wanadamu. Fidia ni deni la pekee kwa jambo la pekee, wala halimfanyi mmoja kuwa bora kuliko mwingine.

Basi tufanyeje? Tunayaona mambo matatu, nayo tunayapanga kwa utaratibu huu kwa makusudi.

La kwanza ni ukweli. Kila chupa ya damu iandikwe ilitoka kwa nani na iliingia kwa nani, na maandishi hayo yatunzwe miaka mingi. Ikigundulika baadaye kwamba mtoaji alikuwa ameambukizwa, mgonjwa atafutwe na kuambiwa, hata kama habari yenyewe ni chungu. Anayejua mapema hupata dawa mapema, na humkinga mwenzi wake na mtoto wake.

La pili ni matunzo kamili, pamoja na homa ya ini, ambayo watu wetu wengi hawaizungumzi ingawa nayo huua.

La tatu ni mfuko. Wafaransa walitoa mfano mwema kwa sheria yao ya tarehe 31 Desemba 1991. Mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI alitakiwa kuonyesha mambo mawili tu: kwamba anavyo virusi, na kwamba alitiwa damu katika nchi ile. Hakutakiwa kusema nani alikosa. Mashtaka dhidi ya wakubwa yalikwenda njia yake, na waathiriwa hawakuyangoja. Kwetu mfuko wa namna hiyo ungeweza kuanza na kiasi kidogo, kilichowekwa katika kanuni na kujulikana na wote, ukichangiwa na Serikali na vituo vyote vya afya vinavyotia damu, vya umma, vya dini na vya watu binafsi. Tena uendeshwe kwa siri. Wengi wetu tunaishi nyumba za vyumba sita zenye uwani mmoja. Mtu hawezi kupanga foleni mbele ya dirisha lenye jina la fidia ya damu asijulikane hadi Tandika na Manzese. Malipo yanayomvunjia mtu heshima yake ni hasara ya pili.

Sisi wenyewe tunaweza kuanza na lililo karibu. Tarehe 14 Juni kila mwaka ni Siku ya Wachangia Damu Duniani. Wenye afya na umri unaokubaliwa waende kutoa, na wajibu maswali ya mhudumu kwa kweli tupu, maana jibu la uongo mbele ya meza ile laweza kumfikia mtoto wa mtu. Wenye kuzungumza na wabunge na madiwani wetu wawaulize habari ya mfuko huu, kwa adabu na pasipo kuchoka.

Na vikundi vyetu vya mtaa tungependa vilijadili swali hili katika mkutano ujao: Kama mtoto wa jirani aliumizwa na kitu kilichowekwa kwa ajili ya kutuokoa sote, nasi tukaokoka, je, tunaweza kumwambia mama yake kwamba hatuwiwi naye kitu?